Kigunduzi Kisichosingizia

Bigwa ni mahali ambapo barabara ya Matombo na Kisaki inauacha mji wa Morogoro na kuanza kuambaa na Uluguru. Juu, kwenye kilele cha Bondwa, ipo minara ya mawasiliano ambayo sisi wa bondeni huiona mawingu yakifunguka. Kila nikiitazama huifikiria mitambo iliyofungiwa chini yake. Fundi anayepanda kwa miguu kupitia Morningside hupita msitu wenye utelezi, na akifika sehemu kubwa ya siku imekwisha. Ule ushauri tunaopeana mjini kompyuta inapogoma, "izime, kisha iwashe," kule juu ni safari. Mtambo unaowekwa mahali kama pale hutakiwa ukae miezi bila kuguswa, na mara nyingi kinachoamua kama utakaa ni mambo madogo mno yanayotendeka ndani ya kumbukumbu yake.

Nataka kuisifu kazi ya watu wanaoyachunga mambo hayo madogo, na hasa wale waliosimama hatua moja nyuma ya wenzao. Wenzao hutafuta makosa ndani ya mfumo. Wao hukitengeneza chombo kinachoyatafuta, kisipitwe na kosa wala kisimsingizie asiye na kosa.

Programu ya kawaida ikiomba kumbukumbu na kusahau kuirudisha, hasara yake ina mwisho. Siku inapofungwa, mfumo endeshi hukusanya chote ilichokopa. Kiini cha mfumo endeshi hakina wa kukikusanyia, maana chenyewe ndicho mgawaji. Kipande kilichochukuliwa ndani ya kiini kisha kikasahauliwa hubaki kimeshikwa mpaka mashine izimwe. Baiti mia moja si kitu. Lakini zikisahauliwa kila pakiti ya mtandao inapopita, au kila kipima mvua kinaposomwa, nafasi hupungua usiku na mchana bila dalili yoyote, hadi siku ambayo kiini huanza kuziua programu moja baada ya nyingine ili kipate pa kupumulia. Anayeletewa lawama siku hiyo ni programu iliyouawa, ambayo huenda haikukosea lolote.

Moduli huongeza ugumu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Linux, kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kimeweza kupokea vipande vya msimbo, ndizo moduli zenyewe, kikiwa kazini: kiendeshi cha kadi ya mtandao, cha kamera, cha aina fulani ya diski. Hupakiwa vinapohitajika na kuondolewa kazi ikiisha. Wala jambo hili haliko mbali nasi. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu simu mpya za Android 12 zenye kiini cha toleo la 5.10 zilipotakiwa kutumia kiini kimoja cha pamoja, viendeshi vya kila mtengenezaji wa simu vimehamia kwenye moduli. Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria hapa Bigwa anatembea na moduli nyingi mfukoni.

Moduli ikishapakiwa inakuwa sehemu ya kiini, yenye mamlaka yaleyale. Ikiondolewa, kiini huirudisha nafasi iliyoshika msimbo na data zake. Kumbukumbu ambayo moduli ilijiombea ikiwa kazini hakiigusi, kwa kuwa hakikuandika mahali popote ni moduli gani iliyoomba kipande gani. Mwandishi wa moduli anatarajiwa kurudisha mwenyewe kila alichochukua, katika kila njia ya kutokea, zikiwamo zile njia za dharura ambazo hata yeye hajawahi kuziona zikitumika. Hapo ndipo uvujaji mwingi hujificha: kwenye mistari inayotekelezwa tu pale jambo lingine linaposhindikana.

Mtu aliyekipa kiini cha Linux jicho la kuliona tatizo hili ni Catalin Marinas, mhandisi wa kampuni ya ARM huko Cambridge, Uingereza. Aliipeleka kazi yake ya kwanza mbele ya wenzake mwaka 2006, nayo ikapokelewa rasmi katika toleo la 2.6.31, lililotoka Septemba 2009. Miaka mitatu kwa chombo kimoja! Hunishangaza, kisha nikitazama kinavyofanya kazi sishangai tena.

Chombo chenyewe, kmemleak, huandika kila kipande cha kumbukumbu kinapotolewa: kinaanzia anwani gani, kina ukubwa gani, kiliombwa na nani, saa ngapi, na kwa mfuatano upi wa wito. Kipande kikirudishwa, hukifuta. Kila baada ya dakika kumi, usipokiagiza vingine, huanza ukaguzi. Huhesabu vipande vyote kuwa vyeupe. Kisha hupita kwenye maeneo ya data ya kiini na kwenye rafu za kazi zinazoendelea, neno kwa neno, kikiuliza swali moja kila mahali: je, namba hii inaweza kuwa anwani ya kipande ninachokijua? Ikiwa ndiyo, kipande hicho hugeuka kijivu, na chenyewe hukaguliwa ndani, kwa sababu kinaweza kuwa kimeshika anwani ya kingine. Rangi hizi zina ukoo mrefu; Edsger Dijkstra na wenzake walizitumia katika andiko lao la mwaka 1978 kuhusu ukusanyaji wa kumbukumbu zilizoachwa. Ukaguzi ukiisha, kilichobaki cheupe ni yatima. Hakuna mahali popote palipoandikwa anwani yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kukirudisha hata akitaka.

Napenda kwamba hata hapo kmemleak hakikurupuki. Kipande chenye umri wa chini ya sekunde tano hakitajwi, maana huenda anwani yake bado iko kwenye rejista ya kichakataji, haijaandikwa popote. Kipande ambacho yaliyomo yamebadilika tangu ukaguzi uliopita hakitajwi pia, kwa sababu kinachobadilika yuko anayekitumia. Na kinachotajwa hatimaye huitwa mshukiwa. Chombo hakikirudishi kipande wala hakikifuti. Kinaandika taarifa, kinaachia hapo.

Katika mji huu, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ipo kazi inayofanana na hiyo kuliko yoyote niijuayo. Shirika la APOPO lina makao yake hapo tangu mwaka 2000, na hufundisha panya buku kunusa baruti iliyozikwa na vijidudu vya kifua kikuu ndani ya makohozi. Magawa, panya aliyefundishwa hapa Morogoro na kupelekwa Cambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Panya wa aina yake akinusa kitu hukwaruza ardhi, basi. Hafukui. Binadamu ndiye anayekuja na vifaa vyake kuhakikisha, na sampuli ya makohozi iliyotiliwa shaka hurudiwa maabara. Mwezi baada ya mwezi, mwalimu wa panya hufunza mambo mawili kwa pamoja: kukwaruza panapostahili, na kupita bila kukwaruza pasipo na kitu. Hilo la pili wageni hulisahau. Panya anayekwaruza kila mahali hamsaidii mtu.

Kigunduzi kinachotaja wasiohusika nacho hufa vivyo hivyo, ingawa hakuna anayekizima. Mwandishi wa moduli huletewa taarifa kwamba msimbo wake unavuja. Anaacha kazi, anasoma mstari kwa mstari, anakuta kipande kimeshikwa vizuri na kitarudishwa kwa wakati wake. Yakijirudia hayo, siku inayoletwa taarifa ya kweli hataisoma. Ndiyo sababu nasema kurekebisha kigunduzi ni kazi nzito kuliko kuziba uvujaji mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na moduli nayo ina haki yake.

Moduli hasa ndizo zilizokijaribu kmemleak. Zinapopakiwa zinakuja na sehemu za kila namna: ya msimbo, ya data zisizobadilishwa, ya data zinazobadilika, ya majedwali ambayo mifumo mingine ya kiini huyatazamia. Chombo kilipaswa kuambiwa kikague zipi. Kwa miaka kadhaa kiliambiwa kwa majina. Sehemu yenye jina linaloanza na .data au .bss, na nyingine moja au mbili, ilikaguliwa; yenye jina tofauti iliachwa. Lakini jina la sehemu ni hiari ya aliyeandika msimbo. Mtu mmoja akibuni jedwali jipya, akaliita atakavyo, akahifadhi ndani yake anwani za vipande vilivyo hai, kmemleak kilipita mlango wa jedwali hilo bila kubisha, kisha kikatangaza kwamba vipande hivyo ni yatima. Shahidi alikuwapo, hakuulizwa.

Mwaka 2013 Steven Rostedt, anayejulikana zaidi kwa zana za kufuatilia mwenendo wa kiini, alileta marekebisho ambayo kwa hesabu ya mistari ni madogo sana. Aliyaacha majina akatazama hali ya kila sehemu. Je, imepewa nafasi kwenye kumbukumbu? Je, inaweza kuandikwa? Je, haitekelezwi kama msimbo? Sehemu yenye sifa hizo tatu hukaguliwa, iitwe iitwavyo. Basi. Sifa zenyewe zilikuwa tayari ndani ya faili la moduli, zimewekwa na kikusanyaji cha msimbo, na hazidanganyi, kwa kuwa kiini chenyewe huzitegemea kuamua nani aruhusiwe kuandika wapi. Orodha ya majina ilikuwa ikingoja kupitwa na wakati tangu siku ilipoandikwa. Kanuni ya sifa inamtambua hata yule ambaye bado hajazaliwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wasikague moduli nzima, wakamaliza utata. Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha ufundi ulipo. Msimbo na data zisizobadilika zimejaa namba. Baadhi ya namba hizo, kwa bahati tu, hufanana na anwani za vipande vya kumbukumbu. Ukizikagua, kipande kilichosahauliwa kweli kinaweza kupata shahidi wa uongo, kikageuka kijivu, kikaendelea kuvuja huku kimelindwa. Kukagua pachache mno huwatia hatiani wasio na hatia. Kukagua pengi mno huwaficha wenye hatia. Mafundi wanaofanya kazi hii hutembea katikati ya hayo mawili, na njia yenyewe husogea kila kiini kinapopangwa upya. Toleo la 6.4, la mwaka 2023, liliigawa kumbukumbu ya moduli kwa aina, msimbo mahali pake na data mahali pake. Mabadiliko ya namna hiyo humlazimu fundi wa kigunduzi kurudi na kuuliza tena: sasa mashahidi wanakaa wapi?

Ipo pia njia ya kukinyamazisha kmemleak. Mwandishi anaweza kuandika kwenye msimbo wake kwamba kipande fulani si uvujaji hata kikionekana yatima, na mara nyingine hilo ni la haki: kuna kifaa kinachoishikilia anwani kwa umbo ambalo ukaguzi hauwezi kulitambua. Ila mimi naamini tamko hilo litolewe kwa uchungu, baada ya kuthibitisha, na likiwa na maelezo pembeni. Fundi aliyekwenda kurekebisha ukaguzi wenyewe amewasaidia maelfu ya moduli asizozijua. Aliyebandika tamko amejisaidia yeye.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na iligusa uso wa kompyuta, pale mtumiaji anapotazama. Natamani vijana wetu wa Sokoine, wa Mzumbe, na wa kokote penye kompyuta kuukuu isiyo na kazi, washuke hadi chini kabisa, kwenye kiini. Haihitaji mashine ya gharama. Ndani ya msimbo wa Linux, katika folda ya samples, kuna moduli ndogo iliyoandikwa ivuje makusudi, ili anayejifunza apate cha kukamata.

Anayeijaribu ajue jambo moja mapema. Wakati mzuri wa kuufichua uvujaji wa moduli ni pale unapoiondoa, maana data zake zinaondoka na anwani zote zilizokuwa zimeshikwa humo, na kilichosahauliwa kinabaki peke yake. Lakini wakati huohuo majina ya kazi zake yanaondoka pia. Taarifa itakuonyesha baiti 32 za mwanzo za kipande, jina la programu iliyokuwa ikiendeshwa, na chini yake, badala ya majina ya kazi hizo, safu ya namba tupu zilizokuwa anwani za msimbo usiokuwapo tena. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa moduli, fungua folda ya /sys/module, ingia kwenye jina lake, kisha sections, usome faili la .text, uandike namba utakayoikuta kwenye daftari. Iondoe moduli. Subiri zaidi ya sekunde tano, agiza ukaguzi, na usipoona kitu agiza tena. Halafu toa namba uliyoiandika katika kila anwani ya ile safu ya moduli, na tofauti utakayoipata itakuonyesha kazi gani, na mahali gani ndani yake, ndipo kumbukumbu ilipochukuliwa.