Mwalimu wa Vizibo

"Leo mmeandika nini?" Ndilo swali la wazazi wengi wakifika chekechea kumchukua mtoto. Akijibu kuwa wamecheza, nyuso zinakunjamana: ada yote ile, ya kucheza? Mimi nasimama upande wa mwalimu wake. Kuwaimbisha watoto a, e, i, o, u hadi saa nne ni rahisi. Kuwachezesha wakajifunza ni ufundi.

Mtazame akiwa na vizibo vya soda. Anapanga mkekani safu mbili, sita kwa sita, vikitazamana. Mtoto wa miaka minne anasema ziko sawa. Mwalimu anatanua safu moja bila kuongeza hata kizibo. "Na sasa?" Mtoto anaonyesha ile ndefu: hii ina vingi! Jean Piaget wa Uswisi alijipatia sifa kwa kuchunguza jambo hili. Wengi wetu hapo tungemrukia, "Hesabu tena!" Fundi hasemi kitu. Vizibo vinageuka maandazi, wanakaribishwa wageni sita, na mtoto anagawa moja moja, midomo ikimchezacheza, asimruke mtu. Kesho watarudia. Haharakishwi.

Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea yake Ujerumani mwaka 1837, alichongesha vipande vya mbao kwa vipimo maalumu. Vya kwetu huokotwa. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, uliingiza vifuu, makombe na mbegu darasani, pamoja na Kurani na maadili. Sioni mbao za Mjerumani zimevizidi nini.

Wakubwa kidogo wana mdako. Mtoto anarusha kokoto moja juu, anazikokota nyingine kutoka shimoni, anaidaka ya hewani. Anarusha tena, anazirudisha zote ila moja. Jicho, kidole na hesabu ya kutoa vinafanya kazi kwa pamoja, na penseli bado haijanunuliwa.

Kazi nyingine haionekani. Makali ya vizibo hupondwa kwa nyundo kwanza. Walio chini ya miaka mitatu hawapewi vizibo wala kokoto, maana kila kitu kwao ni cha kutia kinywani. Hao hupewa vifuu vilivyosuguliwa vizuri. Na vizibo hupotea kila siku, vingine mifukoni mwa kaptula. Mwenye duka la soda asivitupe, ampelekee mwalimu.