Kutoka Ukumbini hadi Sebuleni: Uhakiki wa Taarab ya Tanga katika Video za Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Taarab ni sanaa inayotegemea hadhira. Ukumbini, msikilizaji huinuka, huenda kumtunza mwimbaji, na kwa mwendo wake huwaonyesha wengine ni ubeti gani uliomgusa na pengine unamlenga nani. Leo mkazi wa Tanga au Pangani anaweza kuketi sebuleni, akafungua YouTube katika simu yake, akaisikiliza sauti ya Shakila binti Saidi bila kuinuka wala kutunza. Wapo wanaouona usikilizaji huo kuwa kivuli tu cha taarab. Makala haya yanahakiki mtazamo huo kwa kurejelea nyimbo za Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, vikundi viwili vya Tanga. Hoja ya msingi ni kwamba wimbo wa taarab uliingia sebuleni kabla ya intaneti, na kwamba hasara kubwa zaidi ya leo ni ya majina: video huhifadhi sauti, lakini mara nyingi humwacha nje mtunzi.

2.0 Santuri na Sebule ya Kwanza

Black Star iliipa taarab sura tofauti na ile ya Unguja. Wakati kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilijulikana kwa ganuni, udi na fidla, Black Star ilitumia gitaa la umeme na besi, pamoja na mapigo yaliyokaribiana na muziki wa dansi. Lucky Star, iliyochipuka kutoka humo, iliendeleza mkondo huo. Nyimbo zao zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zikiwemo za lebo ya Mzuri ya Mombasa. Kwa njia hiyo ziliingia majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kuviona vikundi hivyo jukwaani.

Santuri iliubadilisha wimbo pia. Upande mmoja huchukua dakika chache tu, ilhali ukumbini kiitikio kinaweza kurudiwa kadiri watunzaji wanavyofuatana. Wimbo uliorekodiwa, basi, ni utunzi uliopimwa kwa chombo chake. Anayeusikiliza mtandaoni leo anapokea kazi ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa isikike mbali na ukumbi.

3.0 Mlinganisho na Muziki wa Michezo ya Video

Hali hii inafanana na ile ya muziki wa michezo ya video ya zamani. Mashine ya Famicom, iliyotolewa na Nintendo nchini Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti, na nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ndogo. Watunzi walilazimika kubuni tuni fupi zinazojirudia bila kumchosha mchezaji. Siku hizi tuni hizo husikilizwa majumbani kupitia video, bila mchezo wenyewe kuchezwa. Ufinyu uliokuwa kikwazo umekuwa mtindo unaopendwa, kama vile mkwaruzo wa santuri unavyopendwa na msikilizaji wa taarab ya zamani.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Tuni ya mchezo inaweza kutengwa na matumizi yake ikabaki kuwa tuni. Wimbo wa taarab una maneno, na mara nyingi maneno hayo ni mafumbo yanayomtafuta mlengwa.

4.0 Fumbo na Mlengwa Wake

Wimbo wa "Macho Yanacheka", ulioimbwa na Shakila, unaonyesha jambo hili kuanzia kwenye jina. Jina hilo linamwelekeza msikilizaji kwenye uso, na kumfanya ajiulize kama kicheko cha macho ndicho kilichomo moyoni. Ukumbini uso wa mwimbaji ulikuwepo. Kwenye santuri haukuwepo. Katika video nyingi za nyimbo za aina hii mna picha moja tu isiyosonga, ama ya jalada ama ya mwimbaji. Msikilizaji hutazama kioo kisichomjibu, na fumbo lililokosa mtu wa kuelekezewa humrudia yeye mwenyewe. Usikilizaji wa namna hiyo unakaribia usomaji wa shairi faraghani, na unastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule.

Aidha, mlengwa hajatoweka kabisa. Mtu anapomtumia mwenzake wimbo kwa simu bila kuongeza neno, fumbo hupata tena pa kutua. Tofauti ni kwamba kutunza hufanyika mbele ya macho ya watu, na kila aliyepo huwa shahidi. Kutuma ni siri ya wawili. Taarab ya sebuleni inahifadhi uchungu wa fumbo, lakini inapoteza mashahidi wake.

5.0 Suala la Majina

Kichwa cha video kwa kawaida hutaja wimbo na mwimbaji, pengine na kikundi. Mtunzi wa mashairi, wapigaji wa ala na mwaka wa kurekodi mara nyingi hukosekana. Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimba na Black Star, kisha Lucky Star, na baadaye kikundi cha taarab cha JWTZ. Video inayoandikwa jina lake peke yake huunganisha vipindi vitatu kana kwamba ni kimoja. Mhakiki akikosa jina la mtunzi, hawezi kufuatilia mizani, taswira au msamiati wa mshairi mmoja kutoka wimbo hadi wimbo. Vilevile, tuzo ya ukumbini ilifika mkononi mwa mwimbaji. Hakuna hakika kwamba video inayotazamwa mara nyingi inawafikishia chochote wasanii au warithi wao.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sebule ni muktadha halali wa taarab ya Tanga, wenye historia inayoanzia kwenye santuri. Kuusikitikia ukumbi pekee kunaficha kazi iliyo ya haraka zaidi. Tanga bado ina wazee wanaoweza kusikia mlio wa gitaa wakamtaja mpigaji, au kusikia ubeti wakamtaja aliyeutunga. Wanafunzi wa fasihi wanaweza kuketi nao wakiwa na simu ileile yenye video hizo, wimbo mmoja baada ya mwingine, na kuandika majina. Sauti zinaweza kupandishwa mtandaoni hata baada ya miaka 20. Kumbukumbu ya mzee haina nakala.