Bei ya Hisa Imekadiriwa na Nani?



Kampuni kubwa inapotangaza kuuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, majumba yetu hujaa mazungumzo. Huyu ataka kuuza kiwanja, yule ataka kuvunja kibubu. Wote waulizana bei ni ngapi, na wachache mno huuliza bei hiyo imepatikana vipi. Hilo la pili ndilo twataka kulihakiki.

Twende kwanza mbali na bahari, hadi Chitete, wilayani Momba, katika mkoa wa Songwe. Tuseme mkulima wa huko ana mahindi yaliyofika magotini, na mchuuzi wa Tunduma ataka kumnunulia shamba zima. Mchuuzi huyo atahesabu kwa njia tatu: ardhi na zana zina thamani gani, shamba la jirani liliuzwa kwa kiasi gani, na yatatoka magunia mangapi, Mungu akijaalia mvua. Na wakadiriaji wa kampuni hufanya vivyo hivyo. Hupima mali baada ya kutoa madeni. Hulinganisha na kampuni za aina moja. Tena hukisia faida ya miaka ijayo na kuipunguza, kwa kuwa shilingi ya kesho si sawa na ya leo. Njia hii ya tatu ndiyo hutegemewa sana, nayo ndiyo iliyojaa "huenda".

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560, robo ya kampuni, kwa shilingi 850 kila moja, ikapata bilioni 476. Maana yake kampuni nzima ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya trilioni 1.9. Katika makadirio ya namna hiyo, mkulima kama yule wa Chitete yumo bila ya kujua: ni vocha atakazonunua na fedha atakazotuma kwa simu miaka ijayo.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Hatusemi kuwa hisa ni tunda bichi, kwani mwenye hisa amiliki sehemu ya mali iliyopo. Lakini hekima ya katazo lile, yaani kumkinga mnunuzi na hatari asiyoiona, yatuhusu sote.

Tazama yaliyotokea Kenya mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, robo ya kampuni, kwa shilingi 5. Basi kampuni nzima ilikadiriwa bilioni 200, ilhali faida yake ya mwaka ulioishia Machi 2007 ilikuwa kama bilioni 12. Mnunuzi alilipa kwa mkupuo mmoja faida ya miaka zaidi ya 16! Watu walisongamana, wengine wakakopa benki kwa riba. Wanunuzi wadogo walipata kama hisa 1 kwa kila 5 walizoomba. Mwezi Juni bei ilipanda kupita 7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Kisha mwaka 2021 ikavuka 40.

Je, shilingi 5 ilikuwa ghali au rahisi? Aliyetoa akiba yake aliweza kungoja akaona. Aliyekopa hakuweza kungoja, kwani riba haingoji.

Lawama yetu ni hii. Anayekadiria hulipwa na muuzaji, na bei hutangazwa kana kwamba ilipimwa kwa mizani, kumbe imekisiwa. Mamlaka ya serikali huhakikisha kuwa mambo yameelezwa. Haimdhamini mtu faida.

Basi, ndugu msomaji, usome waraka wa matarajio kuanzia mlango wa hatari, si kuanzia picha. Ujue biashara yenyewe ni ya halali. Ugawe thamani ya kampuni kwa faida ya mwaka, uone walipia miaka mingapi. Na ununue kwa fedha ambayo, ikichelewa kurudi, watoto hawatalala njaa.

Wabillahi tawfiq.