Mstari Mmoja Ndani ya Rangi ya Mafuta

Anayetafuta athari ya uchoraji wa Kichina katika picha za rangi ya mafuta huanza na yanayoonekana upesi: milima yenye ukungu, mianzi, nafasi pana iliyoachwa tupu. Hayo yote huigwa kwa juma moja. Kilichovuka kweli, kwa maoni yangu, ni namna ya kuitendea rangi kama kimiminika, na hakikuweza kuvuka mpaka rangi yenyewe ibadilishwe.

Tutazame zana. Burashi ya Kichina ina manyoya laini yanayochongoka. Tumbo lake hubeba wino na ncha huongoza. Hushikwa wima, na mstari mmoja hunenepa mkono unapokandamiza na kukonda unapoinuka, bila burashi kuondoka kwenye karatasi. Wino ukipungua, weupe wa karatasi hujitokeza katikati ya mstari, na mchoraji huukaribisha. Karatasi hunywa kila kosa, hakuna kufuta. Mchoraji wa mafuta wa Ulaya alizoea kinyume chake: nywele ngumu za nguruwe, rangi nzito kama siagi, turubai inayokubali kupakwa tabaka juu ya tabaka na kukwanguliwa. Tia burashi laini katika rangi hiyo: nywele hugandamana na mstari hukatika kabla ya kufika.

Wu Guanzhong (1919–2010) aliujua ugumu huu vizuri. Alisomea chuo cha sanaa cha Hangzhou, kisha Paris kati ya 1947 na 1950, akarudi China akiwa mchoraji wa mafuta. Alipopelekwa kufanya kazi shambani Hebei, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligeuza kapu la samadi kuwa egemeo la picha. Umaskini wa vifaa haukumshinda. Kilichomshinda ni mnato wa mafuta, usiokubali mstari mrefu kutiririka, na katikati ya muongo huo akaugeukia wino zaidi na zaidi. Zao Wou-Ki (1920–2013), aliyesoma chuo hichohicho na kuhamia Paris mwaka 1948, alibaki na mafuta ila akayalegeza: katika picha zake nyingi za baadaye rangi ni nyepesi, imeenea kama maji, na juu yake hupita mikwaruzo ya haraka. Mmoja alihama, mwingine aliyeyusha. Kama athari ingekuwa ya sura tu, hakuna kati yao ambaye angelazimika kufanya hivyo.

Atasema mtu: fundi yeyote wa mabango pale mjini Rongo huchanganya rangi ya mafuta na tapentini, akavuta herufi S kwa mkupuo mmoja, naye ni Mchina? Hoja ni nzuri, kwani inaonyesha kwamba wepesi wa rangi peke yake hautoshi. Fundi huyo hutaka herufi yenye kingo safi na kina kilekile cha rangi, na burashi ikikauka huichovya tena. Vivyo hivyo, michoro ya mapangoni kisiwani Mfangano, Homa Bay, ile miduara myekundu na myeupe inayohusishwa na jamii ya Watwa, ilipakwa kwa vidole, na kidole hakina ncha ya kukonda wala tumbo la kunenepa. Yote mawili ni ustadi kamili, lakini nguvu ya mkono haisomeki ndani ya unene wa mstari. Kwa Mchina ndipo inaposomeka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mafuta hukwanguka, kwa hiyo mstari usiorudiwa ni wa hiari tu, si sharti. Nakubali. Zao alirudia kazi zake, na hapo ndipo anapokuwa mchoraji wa mafuta na si wa wino.

Basi mwalimu wa sanaa anayetaka kulipima jambo hili asihangaike kuagiza burashi za mwanzi. Atenge vikopo vitatu vya rangi ileile: kimoja kizito, kimoja chenye tapentini kidogo, cha tatu chepesi kama uji wa mgonjwa. Kisha awape wanafunzi burashi laini, na kila mmoja avute mstari mmoja tu kwa rangi ya kila kikopo.