Jina la Manase katika Riwaya ya "Kichwamaji"
Wasomaji wengi wa "Kichwamaji", riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974, hulichambua jina la Kazimoto, kwani maana yake iko wazi kwa kila ajuaye Kiswahili. Jina la Manase hupitwa tu kama jina la ubatizo. Kwa maoni yangu, huko ni kuliacha lililo zito zaidi.

Manase ni jina la Kiebrania, na shina lake ni kusahau. Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba Yusufu, akiwa tayari mkubwa katika utawala wa Farao huko Misri, alimwita hivyo mzaliwa wake wa kwanza kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Hata hivyo Yusufu hakuisahau nyumba hiyo: njaa ilipoingia Kanaani aliwalisha ndugu wale wale waliomwuza.

Manase wa Kezilahabi naye amepanda cheo, hata akawa mkuu wa wilaya. Kazimoto, waliyejuana tangu utoto, anapomwendea ofisini anangojeshwa kama mtu baki. Tena ni Manase huyo aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, akamwacha; Rukia anafariki. Yusufu alisahau mabaya aliyotendewa; Manase amesahau mabaya aliyoyatenda.

Huenda mtu akasema mwandishi aliokota jina lolote la Kikristo. Hoja hiyo haina nguvu. Kezilahabi alisoma katika seminari ya Nyegezi, na si rahisi kuamini kwamba kijana wa seminari hakujua habari za wana wa Yusufu.

Jina hili lamwangaza Kazimoto pia, maana yeye hawezi kusahau. Anamfuata Sabina, dada yake Manase, kwanza kwa nia ya kulipiza kisasi, na mwisho wanaoana. (Wanafunzi wanaoona ndoa hiyo kuwa mapenzi matupu wamesoma haraka.) Lakini ugonjwa wa Manase haukumsahau mwenyewe. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na kila amwonaye anakumbushwa habari za baba. Kazimoto naye, baada ya mtoto wake kuzaliwa na kichwa cha namna hiyo hiyo, anajiua.