Daraja 3.0: Zawadi Kubwa kwa Wasanidi wa Kitale na Bungoma

Daraja 3.0 imefika, na ni moto kabisa! Safaricom ilizindua toleo hili Novemba 2025, na tangu nilifungue kwenye simu yangu mjini Kitale, kila msanidi ninayekutana naye kutoka hapa hadi Bungoma namshika mkono na kumwambia jambo moja: jisajili leo, usingoje kesho. Kwa sisi tunaotengeneza tovuti za simu pembe hii ya nchi, sijaona zana iliyonisisimua hivi kwa muda mrefu.

Kwa asiyeifahamu, Daraja ni lango la wasanidi. Hapo ndipo mtu anayetengeneza tovuti au programu hupata API za M-Pesa, yaani njia ya kuiunganisha kazi yake na mfumo wa malipo ambao Wakenya wameutumia tangu Machi 2007. Na hebu watazame wateja wetu: mwenye duka la pembejeo Kiminini, mnunuzi wa mahindi Moi's Bridge, sacco ya matatu Kanduyi, mama wa vitunguu Chwele. Wanunuzi wao huingia mtandaoni kwa simu, kwa bando la shilingi chache, na wengi hawajawahi kushika kadi ya benki. Huku kwetu, tovuti isiyopokea M-Pesa ni bango tu la barabarani.

Tumetoka mbali, jamani. Kulikuwa na wakati msanidi aliyetaka kujua kama mteja amelipa aliandika programu ya kusoma ujumbe mfupi wa M-Pesa kwenye simu iliyoachwa ikichaji mezani. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya na API zikaanza kufunguliwa, lakini kuunganishwa bado kulitaka subira na utaalamu ambao kijana wa mashinani hakuwa nao. Oktoba 2017 Daraja ya kwanza ikaja na API nyepesi zinazoeleweka. Toleo la pili likafuata 2021. Sasa hili la tatu limejengwa juu ya mfumo mpya kabisa, ambao Safaricom inasema unaweza kubeba miamala 12,000 kwa sekunde moja. Kampuni hiyo inasema pia kwamba wasanidi zaidi ya 105,000 wamekwisha kupita katika lango hili. Nataka wengi wa watakaofuata watoke Trans Nzoia na Bungoma!

Uwanja wa majaribio ndio ulioniteka roho. Unajisajili kwa barua pepe, unaunda programu yako, unapewa funguo mbili. Kwa funguo hizo unaomba tokeni, ambayo hudumu sekunde 3,599, kasoro sekunde moja tu kutimia saa nzima. Kisha unaunganisha nambari ya biashara ya majaribio, 174379, na ufunguo wa siri na muda wa sasa ulioandikwa kwa tarakimu 14, kuanzia mwaka hadi sekunde. Unaugeuza mkururo huo kwa Base64, unaweka kiasi cha shilingi moja na nambari yako ya simu, unatuma. Sikuwahi hata kuiweka simu chini: kidirisha cha STK Push kikaruka kwenye skrini kikiniomba nambari ya siri. Nimeliona jambo hili likitendeka kwenye maduka makubwa mara nyingi, lakini kuliona likiitikia mistari michache uliyoandika mwenyewe ni raha isiyo kifani.

Majibu yanayorudi, kila moja na nambari yake, nayo yana utamu wake. Sifuri maana yake pesa imeingia. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Yeyote anayejua mtandao wa miteremko ya Mlima Elgon atajua thamani ya kuzitenganisha hizi mbili. Mkulima wa Endebess aliyepotelewa na mtandao asiambiwe kwamba amekataa kulipa. Aambiwe kwa upole ajaribu tena, na kikapu chake kibaki vilevile. Msanidi anayeijali tofauti hiyo hujenga tovuti inayopendwa.

Na vilivyomo ndani ya lango ni vingi ajabu. Nimekaa sana kwenye M-Pesa Ratiba, inayomwezesha mteja kuidhinisha mara moja, kisha malipo yakakatwa kila siku, kila wiki au kila mwezi. Fikiria Kitale, ambako mahindi hupandwa kuanzia Machi na Aprili na pesa za mavuno huja mwisho wa mwaka. Duka la pembejeo linaweza kumkusanyia mkulima akiba ya mbolea kidogo kidogo, ili mvua zinaponyesha gunia lake limngoje likiwa limelipiwa. Hiyo ni tovuti ambayo kijana wa hapa anaweza kuianza wiki hii!

Kuna pia API inayoonyesha laini ya simu ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Anayenunua mahindi mtandaoni na kuwatumia wakulima pesa anaweza kuhakikisha kwanza kwamba laini haijaangukia mikononi mwa tapeli siku hiyohiyo. Ziko nyingine za kusimamia laini zinazowekwa kwenye mashine, na akili yangu ilikimbia moja kwa moja kwenye mitungi ya kupoza maziwa ya vyama vya ushirika. Halafu kuna programu ndogo zinazoishi ndani ya programu ya M-Pesa yenyewe na hujengwa kwa maarifa yaleyale ya tovuti tuliyo nayo tayari.

Bungoma ina ushahidi wake wa jinsi malipo ya simu yanavyobadili mambo. Shirika la One Acre Fund lilianza huko mwaka 2006 na wakulima 40, likiwakopesha mbegu na mbolea na kuwaachia walipe kidogo kidogo. Lilipohamisha malipo kutoka pesa taslimu hadi simu, maafisa wake waliacha kuzunguka vijijini na noti na vitabu vya risiti, na mkulima akapata uthibitisho wake papo hapo. Kazi ya namna hiyo ilihitaji shirika kubwa. Leo vifaa vyake vimewekwa mbele ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa Kitale National Polytechnic, bila nauli ya Nairobi na bila kumjua mtu ofisini. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote: mlango anaoingilia msanidi wa Westlands ndio uleule anaoingilia wa Webuye.

Nina ombi moja. Maelezo ya API yaandikwe kwa Kiswahili pia. Mafundi wazuri wako mitaani ambao Kiingereza cha kitaalamu huwachelewesha, na maelezo mazuri kwa lugha yao yangewafungulia njia upesi. Na wewe unayeanza, kumbuka: anwani ya kupokelea majibu lazima iwe na HTTPS na ifikike mtandaoni, kwa hivyo tafuta mahali pa kuiweka kabla hujaanza. Tena usimpe mteja bidhaa kwa sababu ombi limepokelewa. Ngoja matokeo yathibitishe kwamba pesa imeingia.

Uamuzi wangu? Daraja 3.0 inastahili wikendi yako nzima. Jumamosi jisajili na utume ile shilingi moja ya majaribio. Jumapili shughulikia majibu yote, hasa 1032 na 1037. Jumatatu asubuhi nenda kwa mwenye duka unayemfahamu, aliye na nambari ya Paybill au Till, umwonyeshe kwa simu yake mwenyewe. Akikubali, utaomba idhini ya kazi halisi kupitia lango hilohilo kwa nambari ya biashara yake. Mahindi, maziwa, vitunguu, karo, nauli: biashara zote hizi ziko hapa kwetu na zinahitaji mafundi. Tuzijengee sisi!