Ganda Lenye Mkanda

Ganda la risasi ya .375 Holland & Holland Magnum huanza likiwa kisahani cha shaba ya manjano: shaba nyekundu asilimia 70, zinki asilimia 30. Mashine hukikandamiza kikawa kikombe kifupi chenye kuta nene. Kutoka hapo hadi kufikia urefu wa milimita 72.4, kazi kubwa ni ya kuvuta. Mchi wa chuma hukisukuma kikombe kipenye kwenye kalibu iliyo nyembamba kukizidi, ukuta ukakonda, kimo kikaongezeka.

Shaba haikubali haraka. Kila ivutwapo hukakamaa, na ikivutwa mara nyingi mfululizo hupasuka. Kwa hiyo vikombe hurudishwa kwenye tanuri vilainike, huoshwa kwa asidi kuondoa weusi wa moto, husuuzwa, hupakwa sabuni ili vipite bila kukwaruzika, ndipo huvutwa tena. Mzunguko huo hurudiwa, na kila mara kikombe hutoka kirefu kidogo tu. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi fundi wa tanuri. Moto ukipungua, shaba itapasuka mbele ya safari. Ukizidi, chembechembe zake hunenepa na ngozi ya ganda hutoka vinundu kama ganda la chungwa. Yeye hulenga katikati, siku nzima, kwa maelfu ya vikombe.

Kitako hutendewa kinyume. Hakilainishwi; hupigwa kwa nguvu, na kipigo hicho hufinyanga kishimo cha fataki na kuchapa jina la risasi. Ugumu unaobaki unatakiwa, kwa sababu hapo ndipo ganda lisipopata egemeo kamili la chemba baruti inapowaka. Kisha kisu cha mashine ya kukereza huchonga mfereji wa kushikwa na kucha ya bunduki, na mbele yake huacha pete iliyotuna, kipenyo chake milimita 13.5. Huo ndio mkanda.

Mkanda huo una sababu yake. Holland & Holland wa London walipoitoa risasi hii mwaka 1912, walikuwa wakiwafikiria wawindaji wa Afrika na India. Baruti ya kordaiti ilizidisha msukumo kwenye jua kali, na ganda lililonasa kwenye chemba mbele ya nyati lingemgharimu mtu uhai wake. Wakalichongoa ganda taratibu kuelekea mbele, bega wakalilaza sana, ili lichomoke bila kung'ang'ania. Lakini bega lililolala hivyo si kizuizi cha kutegemewa. Mkanda ndio unaolizuia ganda lisizame kupita kiasi.

Baada ya hapo mdomo hubanwa na kalibu, bega na shingo vikapata umbo. Shingo peke yake huonja moto wa mwisho ili isije ikapasuka ghalani, nao huiachia rangi ya samawati na kahawia. Viwanda vingine huisugua rangi hiyo ikaondoka. Mimi ningeiacha.

Linalobaki ni kupima, na risasi hutambuliwa kwa vipimo kuliko kwa jina. Risasi za .30-06, .308 Winchester na .300 Winchester Magnum zote hurusha kichwa cha kipenyo kimoja, takriban milimita 7.8, lakini maganda yake hayabadilishani chemba. Wajerumani walisema wazi zaidi: 9.3×62, iliyobuniwa na Otto Bock mwaka 1905 na kupendwa na walowezi wa makoloni yao ya Afrika, hutaja kaliba na urefu wa ganda. Neno Magnum halina kipimo. Ganda la .416 Rigby la mwaka 1911 hubeba baruti nyingi kuliko la .375, na halijawahi kuitwa hivyo. Kwa sababu hiyo taasisi ya CIP barani Ulaya na SAAMI ya Marekani huweka michoro miwili kwa kila risasi: ukubwa wa juu kabisa wa risasi, na udogo wa mwisho wa chemba.

Mkaguzi hufanya kazi kati ya michoro hiyo miwili. Hulitumbukiza ganda kwenye kipimo cha chuma kigumu, hugusa kitako kwa kidole, hulichomoa. Likisimama juu ya alama kwa upana wa unywele tu, hulitupa kwenye pipa la chakavu, hata kama limeshapitia kila tanuri bila dosari.